CAREY FRANCIS: MWALIMU ALIYEKUBALI KUSHUKA CHEO

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukitaka kuuona ukweli wa methali hii, msomaji mpenzi, yatazame maisha ya Edward Carey Francis, mwalimu wa wengi kati ya viongozi wa kwanza wa Kenya.

Alizaliwa London, Uingereza, mwaka wa 1897. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alipigana katika kikosi cha mizinga. Vita vilipokwisha alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, akabobea katika hisabati hadi akawa mhadhiri huko huko. Kazi alikuwa nayo, heshima alikuwa nayo. Hata hivyo, mwaka wa 1928 aliacha yote akaja Maseno, karibu na Kisumu, kuongoza shule ya misheni.

Mwaka wa 1940 alihamia Shule ya Upili ya Alliance huko Kikuyu, akawa mkuu wake hadi 1962. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Jaramogi Oginga Odinga na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o.

Je, aliamini nini? Kwanza, elimu si cheti tu. Mtu akifaulu mtihani lakini awe mwongo au mvivu, basi hajasoma kitu. Pili, anayesoma anasoma ili awatumikie wengine. Tatu, mwalimu hawezi kumhimiza mwanafunzi kwa maneno matupu. Yeye mwenyewe alifundisha hesabu, akacheza kandanda na wanafunzi, akaishi maisha ya kawaida. Hakuoa, shule ndiyo iliyokuwa jamaa yake.

Si eti alikuwa malaika. Alikuwa mkali kama pilipili, na wengine walimlaumu kwamba hakuona haraka ya Mwafrika kujitawala. Lakini hata waliomlaumu hawakukana kwamba aliwajali.

Sasa sikiliza jambo linalonigusa zaidi. Alipostaafu Alliance, angeweza kurudi kwao akapumzike. Wapi! Alikwenda Shule ya Upili ya Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida chini ya mkuu mwingine. Mtu aliyeongoza shule yenye sifa nchi nzima akashika chaki mbele ya vijana ambao hawakupata nafasi katika shule kubwa. Alikuwa angali akifundisha huko alipofariki Julai 1966, akiwa na umri wa miaka 68.

Sisi wa shule za kutwa hapa Tseikuru, tunaotembea mchangani asubuhi na jioni kisha tunachota maji kabla ya kufungua daftari, mara nyingi huambiwa kwamba shule zetu ni za waliobaki. Carey Francis hakuamini kuna mwanafunzi wa kubaki. Kama mwanahisabati wa Cambridge aliona vijana wa Pumwani wanastahili miaka yake ya mwisho, basi nasi tusijidharau. Kalamu ni ile ile, na hesabu ni zile zile.