Aniceti Kitereza (1896–1981): Maisha Yake na Somo la Kuhakiki Riwaya Iliyogeuzwa

Utangulizi

Riwaya inaweza kutoka katika lugha moja ikaingia katika lugha nyingine. Inaweza pia kutoka kitabuni ikaingia katika filamu. Kila mara swali huwa lile lile: je, kazi mpya imefaulu, au imeiharibu kazi ya mwanzo? Maisha ya Aniceti Kitereza yanamsaidia mwanafunzi kulijibu swali hilo, kwa sababu Kitereza aliandika riwaya kubwa ya mapenzi ya ndoa, kisha akaigeuza kwa mkono wake mwenyewe ili isipotee.

Kuzaliwa na elimu

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria, wakati nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Alikuwa wa ukoo wa kitawala, mjukuu wa Omukama Machunda wa Bukerewe. Baba yake alifariki Kitereza akiwa bado mtoto mdogo. Alianza masomo katika misheni ya Kagunguli, kisha akapelekwa Seminari ya Rubya, ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba, alikokaa takriban miaka kumi. Huko alisoma Kilatini na lugha nyingine za Ulaya, pamoja na falsafa na dini. Aliondoka Rubya akiwa miongoni mwa Wakerewe wachache wa wakati wake waliosoma kiasi hicho.

Ndoa na kazi

Kitereza hakuwa padre. Alirudi Ukerewe, akamwoa Anna Katura, akafanya kazi mbalimbali, zikiwemo za ukatekista na kutafsiri katika misheni. Yeye na Anna hawakubahatika kubaki na mtoto. Katika jamii ya wakati ule, mume asiye na mtoto alitazamiwa kuoa mke mwingine. Kitereza hakumwacha Anna, na walizeeka pamoja. Jambo hili ni muhimu kwa mhakiki, kwa sababu ndilo linalokaa katikati ya riwaya yake.

Uandishi wa riwaya

Kitereza aliona vijana wa Ukerewe wakisahau lugha na desturi za wazee wao. Alitaka kuzihifadhi katika maandishi. Badala ya kuandika orodha ya mila, alichagua hadithi, na akaiandika kwa Kikerewe. Aliimaliza mwaka 1945.

Riwaya inamhusu Myombekere na mkewe Bugonoka, katika Ukerewe ya kabla ya wakoloni. Wanapendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsonga aoe mwingine. Wazazi wa Bugonoka, kwa uchungu, wanamchukua binti yao. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba arudi, na anatakiwa kulipa faini ya pombe ya ndizi. Mke anarudi, mganga Kibuguma anamtibu, na hatimaye wanazaliwa Ntulanalwo na dada yake Bulihwali.

Safari ya mswada

Lugha ya Kikerewe ina wasemaji wachache, hivyo mchapishaji hakupatikana. Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, alimtia moyo na kuifasiri kazi hiyo kwa Kifaransa, lakini alifariki kabla haijachapishwa. Mswada ulikaa zaidi ya miaka ishirini. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kwa utafiti, wakakutana na Kitereza na kumsaidia kutafuta njia. Kitereza, akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, alikaa chini akaifasiri riwaya yake yote kwa Kiswahili.

Tanzania Publishing House iliitoa katika juzuu mbili, toleo la mwaka 1980, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Vitabu vilichapishwa China. Kitereza alifariki Aprili 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Baada ya kifo chake, Wilhelm Möhlig aliifasiri kwa Kijerumani miaka ya 1990. Mwaka 2002 ilitoka tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe. Ruhumbika alirudi kwenye Kikerewe cha awali badala ya kupitia Kiswahili. Zingatia: kila mgeuzaji huchagua chanzo chake, na chaguo hilo huathiri kazi anayoitoa.

Vigezo vya kuhakiki kazi iliyogeuzwa

Watahiniwa wengi huhesabu matukio yaliyoachwa, kisha huhitimisha kuwa kazi mpya ni mbaya. Huo si uhakiki. Filamu ya saa mbili haiwezi kubeba kila ukurasa. Tumia vigezo hivi:

(a) Kiini. Ni jambo gani ambalo likiondolewa riwaya haibaki ile ile?
(b) Sababu ya badiliko. Kilichoachwa au kuongezwa kimesaidia nini?
(c) Wahusika. Je, misukumo yao ya ndani bado inaeleweka?
(d) Fani ya umbo jipya. Filamu husema kwa picha, sauti, mwanga na ukimya. Je, vimetumika kufanya kazi iliyofanywa na maneno?

Mfano wa kwanza: Jane Eyre. Riwaya hii ya Charlotte Brontë ya mwaka 1847 ni ya mapenzi yaliyochanganyika na hofu. Yatima anakwenda kufundisha katika jumba kubwa lenye siri, anampenda mwenye jumba, kisha anagundua kuwa mke wa bwana huyo amefungiwa ghorofani. Kitabu kinasimuliwa na Jane mwenyewe, na kiini chake ni msichana maskini anayekataa kuuza utu wake hata kwa ajili ya mapenzi. Filamu ya mwaka 1943 imeiondoa sehemu ya ndugu wanaompokea Jane baada ya kutoroka. Vivuli vya picha nyeusi na nyeupe vimeijenga hofu vizuri, lakini kukataa kwa Jane kumepungua uzito, kwa kuwa hatuoni vya kutosha maisha yake mbali na jumba lile. Filamu ya mwaka 2011 imevunja mtiririko wa kitabu: inaanza Jane akitoroka, kisha inatumia kisengere nyuma. Badiliko ni kubwa zaidi, lakini limekilinda kiini, kwa sababu tangu picha za mwanzo tunajiuliza nini kimemfanya akimbie.

Mfano wa pili: Vuta N'kuvute. Riwaya ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, na filamu ya Amil Shivji mwaka 2021. Filamu imekazia mapenzi ya Yasmin na Denge katika Zanzibar ya kupigania uhuru. Mhakiki asiishie kutaja wahusika waliopunguzwa. Aulize kama mvutano kati ya mapenzi, mila na siasa, ambao ndio jina la kitabu, bado upo.

Kutumia vigezo kwa riwaya ya Kitereza

Tuseme mtu anaitengenezea filamu riwaya ya Kitereza. Mtiririko wa matukio ni rahisi: mke anaondoka, mume anamfuata, mke anarudi, mtoto anazaliwa. Filamu inaweza kuyaonyesha yote hayo na bado ikashindwa. Kitereza anasimulia polepole kilimo, uvuvi, pombe, salamu na matibabu, kwa sababu kuhifadhi mambo hayo ndiyo shabaha yake. Maelezo hayo pia yanapima mapenzi. Myombekere akionekana tu akifika ukweni na mitungi, mtazamaji ataona faini imelipwa. Akionyeshwa jasho la kuiandaa pombe hiyo, na upweke wa nyumba isiyo na mke, ataona thamani ya Bugonoka. Dakika chache za picha bila maneno zinaweza kufanya kazi ya kurasa nyingi.

Kitereza alikubali kuachia lugha aliyoipenda ili hadithi iishi. Hata hivyo, ndani ya Kiswahili chake aliacha maneno mengi ya Kikerewe. Hicho ndicho kipimo alichotuachia: umbo linaweza kubadilika, mradi kile kilichomfanya mwandishi ashike kalamu kibaki.

Maswali ya kujipima

1. Eleza sababu mbili zilizochelewesha kuchapishwa kwa riwaya ya Kitereza.
2. Onyesha jinsi maisha ya ndoa ya Kitereza yanavyohusiana na dhamira ya riwaya yake.
3. Kuacha matukio ya riwaya si lazima kuiharibu. Jadili kwa kutumia filamu mbili ulizozisoma katika mada hii.
4. Chagua tukio moja la riwaya uliyosoma darasani. Eleza ungelionyeshaje katika filamu, na utetee mabadiliko yako.