David Livingstone

David Livingstone (Blantyre, Uskoti, 19 Machi 1813 – Chitambo, leo nchini Zambia, 1 Mei 1873) alikuwa tabibu, mmisionari na mpelelezi wa Afrika. Nchini Tanzania anakumbukwa hasa kwa kukutana na Henry Morton Stanley huko Ujiji mwaka 1871.

Masomo

Alianza kazi katika kiwanda cha pamba akiwa na umri wa miaka 10, huku akisoma usiku. Alipata leseni ya utabibu mjini Glasgow mwaka 1840. Tasnifu yake ilihusu ugonjwa unaotambuliwa kwa stetoskopu. Watahini hawakukubaliana naye juu ya uwezo wa chombo hicho, hivyo mtihani wake ukawa mrefu na mgumu kuliko kawaida.

Ugonjwa wa mapafu

Mwanzoni mwa 1869, akiwa magharibi mwa Ziwa Tanganyika, alinyeshewa mvua akapata nimonia ya pafu la kulia. Alikohoa usiku na mchana, akitoa makohozi yenye damu. Msafara wa mfanyabiashara Mohamad Bogharib ulimbeba kwenye machela hadi ziwani, akavushwa kwa mtumbwi na kufika Ujiji tarehe 14 Machi 1869. Huko alikuta bidhaa zake nyingi zimeibiwa, na dawa zake zilikuwa zimeachwa Unyanyembe.

Kifo

Alipofariki, wafuasi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliamua kuurudisha mwili kwao. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari huko Zanzibar, ndiye aliyeupasua. Waliona bonge la damu upande wa kushoto, na mapafu yaliyokauka yenye madoa meusi na meupe. Moyo na viungo vya ndani vilizikwa Chitambo. Mwili ulikaushwa, ukabebwa hadi Bagamoyo, kisha ukasafirishwa Uingereza. Huko ulitambuliwa kwa mfupa wa mkono uliovunjwa na simba mwaka 1844. Ulizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Madoa ya mapafu

Madoa hayo yangeweza kuwa makovu ya nimonia, kifua kikuu au ugonjwa mwingine. Kwa macho tu haiwezekani kuyatofautisha. Mwaka 1897 Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, alianzisha bronkoskopia, yaani kuchungulia njia za hewa kwa mrija. Siku hizi mrija huo huweza kuwa na kipimo cha ultrasaundi kinachomwonyesha daktari uvimbe ulio nyuma ya ukuta wa njia ya hewa. Sindano huchukua kipande kidogo, nacho hupimwa kwa hadubini wakati mgonjwa bado anaweza kutibiwa.