David Livingstone: saa zilizoanguka njiani na mto wa Nyangwe

Watu wa Kasongo na Kabambare wanalijua jina la David Livingstone, muzungu aliyefika Nyangwe mwaka 1871 akitafuta chanzo cha mto Nile. Kisichojulikana sana ni kwamba saa zake, zile alizotumia kupima fasi gani yuko, zilikuwa zimeumia tangu miaka minne mbele ya kufika huku. Hazikusimama. Ziliendelea kutembea, lakini mwendo wake ulikuwa umebadilika.

Mtoto wa kiwanda

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 kule Blantyre, Scotland. Alikuwa na miaka 10 tu alipoanza kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba. Baadaye alisomea udaktari, akatumwa Afrika ya Kusini kama mmisionari, akafika mwaka 1841. Ndani ya meli, kapiteni alimfundisha kusoma njia kwa jua na nyota. Miaka kumi hivi nyuma yake, Thomas Maclear, mtaalamu wa nyota wa Cape Town, alimnoa zaidi. Alipovuka bara kutoka Luanda mpaka Quelimane, safari iliyoisha mwaka 1856, vipimo vyake vilisifiwa na wataalamu. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kubahatisha.

Saa na ramani

Kujua uko umbali gani kaskazini au kusini hakuhitaji saa nzuri. Kuangalia urefu wa jua saa sita mchana kunatosha. Shida ni mashariki na magharibi. Dunia inazunguka digrii moja kila dakika nne, kwa hiyo msafiri anabeba saa ya pekee inayoitwa kronometa, inayotunza saa ya fasi inayojulikana, halafu anailinganisha na saa ya jua ya pale alipo. Karibu na ikweta, kosa la dakika moja ya saa linahamisha kijiji kilometa 28 hivi kwenye ramani.

Ndani ya kronometa kuna gurudumu dogo linaloenda na kurudi kwa nguvu ya springi. Ikipigwa kishindo, hilo gurudumu au springi inaweza kusogea kidogo sana, hata jicho lisione. Saa inalia kama kawaida, lakini kila siku inakimbia au inachelewa kwa sekunde chache. Ile wakati, saa za mabaharia zilijaribiwa kule Greenwich kwa miezi, kwenye baridi na kwenye joto, na mwendo wake kuandikwa. Lakini kule hakukuwa na njia yenye utelezi wala kichwa cha mtu anayebeba mzigo.

Januari 1867

Livingstone alianza safari yake ya mwisho mwaka 1866, akitokea upande wa mto Ruvuma. Januari 1867, katika nchi inayoitwa leo Zambia, mvua ilikuwa nyingi. Kijana aliyebeba kronometa aliteleza akaanguka mara mbili. Siku chache baadaye sanduku la dawa nalo likapotea. Watu hukumbuka zaidi sanduku la dawa, maana tangu hapo homa ilimtesa bila kinga. Lakini ile mianguko miwili iliharibu hesabu yake ya mashariki na magharibi, na hapakuwa na fundi wala saa nyingine nzuri ya kulinganisha. Kulikuwa na njia ya kusahihisha saa kwa kupima mwezi na nyota, ila inahitaji mbingu safi, mkono usiotetemeka na hesabu ndefu. Mgonjwa wa homa chini ya mawingu angeyapata wapi hayo yote?

Kabambare na Nyangwe

Alikaa Kabambare miezi mingi kati ya 1869 na 1871, vidonda vya miguu vikimzuia kutembea. Mwisho wa Machi 1871 akafika Nyangwe, akaona Lualaba, mto mkubwa unaoenda kaskazini. Aliamini njo Nile. Aliomba mitumbwi zaidi ya miezi mitatu, akanyimwa. Karatasi na wino viliisha, akaandika juu ya magazeti kwa maji ya matunda.

Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa watumwa walifyatua bunduki ndani ya soko la Nyangwe. Mamia ya watu walikufa, wengi wakiwa wamama wa soko, wengine wakizama mtoni. Livingstone aliona kwa macho yake. Habari hiyo ilipofika Uingereza, iliongeza nguvu ya wale waliotaka soko la watumwa la Zanzibar lifungwe, na Sultani Barghash alitia saini ya kulifunga Juni 1873.

Livingstone alirudi Ujiji, ambako Stanley alimkuta mwaka ule ule. Kisha akaenda tena Bangweulu. Vipimo alivyochukua pale mwaka 1868 vilikuwa na kosa, kwa hiyo safari hii hakujua vizuri yuko upande gani wa ziwa. Alizunguka ndani ya matope akiwa mgonjwa, akafa katika kijiji cha Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao walibeba mwili mpaka Bagamoyo.

Vyombo vinarudi

Njiani, kule Tabora, walikutana na Mwingereza Verney Lovett Cameron, ambaye alichukua baadhi ya vyombo vya marehemu. Agosti 1874 Cameron akafika Nyangwe. Alichemsha maji na kupima joto lake: kadiri unavyopanda juu, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, karibu digrii moja kwa kila meta 300. Hesabu ikaonyesha kwamba Lualaba pale iko chini kuliko Nile ya Gondokoro. Maji hayapandi mlima, basi Lualaba si Nile. Stanley alihakikisha hayo alipotelemuka na mto mpaka Boma mwaka 1877.

Somo kwa leo

Siku hizi viwanda vinafunga chombo juu ya meza inayotetemeka, au vinakiangusha kutoka urefu unaojulikana, halafu vinapima tena kama bado kinasema kweli. Kifaa kidogo cha kuhisi mtikisiko kimo hata ndani ya simu nyingi. Lakini mizani ya kituo cha afya iliyobebwa kwa moto au kinga kwenye barabara yetu inapata kishindo kila siku. Kabla ya kupima mtoto au mzigo, ni vizuri ijaribiwe: pima bidoni tupu, kisha ujaze lita 20 za maji. Uzito uongezeke kilo 20. Ukiwa tofauti, mizani imeumia, hata kama mshale bado unatembea.