Robert Wangila: Bingwa wa Seoul na Gharama ya Ulingo

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii yamfaa Robert Napunyi Wangila kwa upande mmoja tu. Ni kweli kwamba Wakenya walimtunza kwa shangwe aliporejea na nishani ya dhahabu, lakini shangwe si riziki. Ilimbidi bondia huyo kwenda ugenini kuuza nguvu za mikono yake, na huko ndiko uhai wake ulikokatikia kabla hajatimiza umri wa miaka 27.

Mazingira Yake

Wangila alizaliwa jijini Nairobi tarehe 3 Septemba 1967, miaka isiyopungua mitatu baada ya nchi kujipatia uhuru. Jiji hilo lilikuwa tayari na desturi ya ndondi, hasa katika mitaa ya Mashariki. Kumbi za kijamii za Kaloleni na Pumwani zilikuwa mahali ambapo kijana asiye na kazi aliweza kupata mwalimu, glavu za kuazima na mpinzani wa kumpima nguvu. Kadiri jiji lilivyopanuka, mitaa mipya kama Baba Dogo, penye viwanda, karakana na nyumba za wafanyakazi, ilirithi maisha yayo hayo: vijana wengi, nafasi chache na pato dogo.

Michezo ya Olimpiki ina mashindano mengi ya mtu mmoja mmoja, lakini si yote yanayoweza kumfikia mtoto wa mitaa kama hiyo. Chukua mfano wa pentathloni ya kisasa, iliyoanzishwa Stockholm mwaka 1912. Kwa zaidi ya karne moja, hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024, ilimtaka mshindani mmoja apigane kwa kitara, aogelee, aruke vizuizi akiwa juu ya farasi, alenge shabaha na kukimbia. Maandalizi yake yalihitaji bwawa, zizi na silaha. Ndondi hazikudai mali kiasi hicho. Zilidai mwili wenyewe, na hapo ndipo palipo na fumbo la maisha ya Wangila: mchezo ulio rahisi kuuingia ndio ulio ghali kuutokea.

Njia ya Kuelekea Seoul

Wangila hakuanza safari katika pori lisilo na njia. Philip Waruinge alikuwa ameiletea Kenya nishani ya shaba mwaka 1968 na ya fedha mwaka 1972, naye Ibrahim Bilali akapata shaba mwaka 1984. Kati ya miaka hiyo Kenya ilisusia michezo ya mwaka 1976 na ya mwaka 1980, na kizazi kizima cha mabondia kikazeeka bila kuionja Olimpiki. Mwaka 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Nne ya Afrika, na uwanja mpya wa Kasarani, usio mbali na Baba Dogo, ukawa fahari ya taifa. Mabondia wa Kenya walitamba katika mashindano hayo, na mwaka uliofuata wakafunga safari kwenda Korea Kusini wakiwa na matumaini makubwa.

Huko Seoul, Wangila alishindana katika uzani wa welta, usiozidi kilo 67. Katika nusu fainali mpinzani wake, Jan Dydak wa Poland, hakuweza kupanda ulingoni kwa sababu ya jeraha, na Wangila akapita bila kurusha ngumi. Wapo ambao wangeiita bahati. Fainali iliondoa shaka hiyo. Alikutana na Laurent Boudouani wa Ufaransa, bondia hodari ambaye baadaye, mwaka 1996, alitwaa ubingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa. Wangila alimwangusha katika raundi ya pili, na mwamuzi akamaliza hesabu kabla Mfaransa huyo hajaweza kuendelea.

Kenya ilipata nishani tano za dhahabu katika michezo hiyo. Nne zilitokana na riadha, kwa miguu ya Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi. Ya tano ilikuwa ya Wangila. Hadi kumalizika kwa michezo ya mwaka 2024, hakuna Mkenya mwingine aliyekuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha.

Ngumi za Kulipwa

Nishani ya Olimpiki haiji na mshahara. Wangila aligeukia ngumi za kulipwa nchini Marekani. Tofauti ya ulingo huo na ule wa ridhaa haikuwa ya fedha pekee. Mabondia wa Seoul walivaa kofia za kukinga kichwa na kupigana raundi tatu. Wale wa kulipwa hupigana kichwa wazi, na pambano huweza kufika raundi kumi au kumi na mbili. Wangila alishinda mapambano zaidi ya ishirini na kushindwa machache, lakini ubingwa wa dunia haukumfikia.

Mnamo Julai 1994 alipambana na David Gonzalez mjini Las Vegas. Katika raundi ya tisa, mwamuzi aliona kwamba Wangila alikuwa akipokea ngumi nyingi mno, akalisimamisha pambano. Wangila alipinga uamuzi huo, akitaka aachwe aendelee. Muda mfupi baadaye, akiwa katika chumba cha kubadilishia mavazi, alizimia. Hakuzinduka tena. Alifariki tarehe 24 Julai 1994 kutokana na jeraha la ubongo.

Hitimisho

Pingamizi lile la mwisho halikuwa ukaidi mtupu. Ujasiri uliompeleka mbele katika fainali ya Seoul ndio uliomkataza kukubali kwamba mwili umechoka. Mwamuzi aliuona mwili huo kwa macho. Mwenyewe aliusikiliza kwa moyo. Tangu siku za Seoul hadi mwaka 2024 Kenya haikupata tena nishani ya Olimpiki katika ndondi, ya dhahabu wala ya shaba. Anayemkumbuka Wangila kwa dhahabu yake hana budi kuikumbuka na raundi ya tisa, kwani zote mbili zililipiwa na mwili mmoja.