Imam Abu Hanifa na Wanafunzi Wake

Ndugu msomaji, huenda umeingia katika Islam juzi tu, au bado unachunguza, nawe unatamani elimu ya dini. Lakini moyo wako unasita: Je, mwalimu atanipokea mimi nisiye na ukoo wa masheikh wala mali? Basi yatazame maisha ya Imam Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Jina lake ni Nu'man bin Thabit. Alizaliwa Kufa, nchini Iraq, mwaka 80 Hijria (699). Hakuwa Mwarabu, ukoo wake ulikuwa wa Kiajemi, na kazi yake ilikuwa biashara ya nguo za hariri. Inasimuliwa kwamba mwanachuoni Sha'bi aliiona akili yake, akamhimiza aketi na wanavyuoni. Ndipo akajiunga na Hammad bin Abi Sulaiman, akadumu naye miaka 18 hivi, mpaka mwalimu wake alipofariki. Kisha yeye akashika mahali pake.

Je, alitafuta nini kwa wanafunzi wake? Kwanza, hamu ya elimu. Abu Yusuf alikuwa kijana maskini, na jamaa zake walitaka aache darasa akatafute riziki. Imam alipojua sababu ya kutohudhuria kwake, alimpa fedha, akaendelea kumpa bila kungoja aombwe.

Pili, unyenyekevu. Inasimuliwa kwamba Abu Yusuf alijiona amehitimu, akaanzisha darasa lake mwenyewe. Imam akamtuma mtu amwulize: Dobi amepewa nguo aifue, akakana kuwa nayo, kisha akairudisha imefuliwa, je, anastahili ujira? Abu Yusuf akajibu ndiyo, akaambiwa amekosea. Akajibu siyo, akaambiwa tena amekosea. Akafahamu, akarudi kwa mwalimu wake. Imam akamweleza: Kama aliifua kabla ya kuikana, ana ujira, maana alimfulia mwenye nguo, kama aliifua baadaye, hana, maana alijifulia mwenyewe. Hakumfukuza.

Tatu, ujasiri wa kusema kweli. Katika baraza lake suala liliwekwa mbele ya wote, na kila mmoja akatoa rai na hoja zake. Abu Yusuf na mwenzake Muhammad bin Hasan walihitilafiana na Imam katika masuala mengi, na rai zao zimeandikwa pamoja na zake katika vitabu vya madhehebu ya Hanafi. Hakuna aliyewahesabu kuwa wamemvunjia mwalimu heshima.

Ujasiri huo yeye mwenyewe alikuwa nao. Khalifa Mansur alipotaka kumfanya kadhi, alikataa, akatiwa gerezani, na akafariki Baghdad mwaka 150 Hijria (767). Lakini elimu yake haikufungwa. Yule kijana maskini, Abu Yusuf, akawa Kadhi Mkuu zama za Khalifa Harun Rashid. Naye Imam Shafi'i, ambaye Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu yake, alizaliwa mwaka ule ule wa 150, na baadaye akasoma kwa Muhammad bin Hasan.

Basi, ndugu yangu, usiuonee haya umaskini wako wala ugeni wako katika dini. Njoo na maswali yako yote, hata yale unayodhani yatamwudhi mwalimu. Lakini ukiambiwa umekosea, uwe tayari kurudi na kujifunza. Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.