Carl Akeley: mutoto wa shamba aliyependa nyama wa pori

Wapo watoto ambao kila siku wanaokota ndege na wadudu njiani kuleta nyumbani, na sisi wazazi tunawafokea wakatupe. Leo tunapenda kuwaelezea maisha ya mutu mumoja aliyeanza namna ile ile. Kaburi lake liko hapa kwetu Kongo.

Carl Akeley alizaliwa mwaka wa 1864 kwenye shamba karibu na Clarendon, jimbo la New York, kule Marekani. Kazi ya kulima haikumufurahisha sana. Macho yake yalikuwa kwa ndege na nyama wa pori. Angali mutoto, aliazima kitabu akajifunza kukausha ngozi ya ndege na kuijaza, hata ndege aonekane kama muzima. Alipofikia miaka 19 aliacha shamba, akaenda Rochester kufanya kazi hiyo kwa mushahara. Mwaka wa 1885, tembo Jumbo aliyejulikana sana aligongwa na treni akafa. Carl alikuwa kati ya mafundi waliotengeneza ngozi yake.

Lakini namna gani utatengeneza nyama ambaye hukumuona akitembea? Njo maana alisafiri. Mwaka wa 1896 alifika Afrika mara ya kwanza, upande wa Somalia. Kule chui alimurukia, naye akamuua kwa mikono mitupu. Mwaka wa 1910, kwenye mulima Kenya, tembo alimuponda, kidogo tu afe.

Wenye kufanya kazi ya mugodi wana sababu nyingine ya kumukumbuka: ni yeye aliyevumbua mashini ya kurusha sima kwa nguvu ya hewa. Mpaka leo, katika migodi mingi ya dunia, sima inarushwa vile kwenye kuta, mawe yasiangukie watu.

Mwaka wa 1921 alikuja Kongo kutafuta gorila. Alishuka meli kule Cape Town, akapanda treni, akapita Elisabethville (njo Lubumbashi ya leo) mpaka Bukama. Akafuata Lualaba kwa masua mpaka Kabalo, halafu treni tena mpaka Albertville, tunayoita leo Kalemie. Akavuka ziwa Tanganyika, kisha miguu mpaka Kivu. Katika musafara ule kulikuwa hata mutoto mwanamuke wa miaka sita, Alice Bradley, pamoja na wazazi wake.

Kwenye milima ya volkano, yeye na wenzake waliua gorila watano juu ya musee ya New York. Lakini alipoangalia uso wa gorila aliyekufa, moyo wake ulimuhukumu: alijisikia kama mutu aliyeua mutu. Aliona gorila hatafuti vita, na kama bunduki zinaendelea kuja, wote watakwisha.

Basi aliporudi kwao, aliomba Ubelgiji iwawekee mahali pa usalama, na mufalme Albert alikubali. Tarehe 21 Aprili 1925 Parc Albert ilianzishwa, njo Virunga ya leo.

Mwaka wa 1926 alirudi pamoja na bibi yake Mary. Ugonjwa ulimushika safarini, lakini alipanda mulima tu. Alikufa mwezi wa Novemba kwenye mulima Mikeno, wakamuzika palepale, katikati ya gorila.

Akeley alitumia miaka 25 ya safari na bunduki mbele ya kujua kwamba nyama anaweza kupendwa akiwa muzima. Watoto wetu wanaweza kujua hilo tangu leo, kama sisi wazazi tunawaambia.