Solomon Tshekisho Plaatje: Mwalimu wa Misioni Aliyetetea Ardhi

Misioni ya Berlin, ile iliyofika kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1891, ilikuwa imetangulia kufanya kazi Afrika ya Kusini kwa miaka mingi. Miongoni mwa watoto waliolelewa huko alikuwamo Solomon Tshekisho Plaatje.

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1876 karibu na Boshof, katika ukoo wa Warolong wa kabila la Watswana. Wazazi wake walikuwa Wakristo, naye alikulia Pniel, kituo cha misioni kando ya Mto Vaal. Mchungaji Ernst Westphal na mkewe walimfundisha, na akiwa kijana tu alifanywa mwalimu msaidizi. Shule ya sekondari hakuiona; lugha nyingi alizozimudu baadaye alijifunza kwa bidii yake mwenyewe.

Mwaka 1894 aliacha ualimu akawa tarishi wa posta mjini Kimberley, kisha mkalimani wa mahakama huko Mafeking. Tangu 1902 alihariri gazeti la Kitswana, na mwaka 1912 alichaguliwa Katibu Mkuu wa kwanza wa chama ambacho baadaye kiliitwa ANC.

Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Ardhi, iliyowaachia Waafrika takriban asilimia 7 tu ya nchi yao. Plaatje hakuridhika na habari za kuambiwa. Alipanda baiskeli akazunguka mashambani, akazikuta familia zilizofukuzwa zikitangatanga barabarani katika baridi kali pamoja na mifugo iliyokuwa ikifa. Familia moja ilifiwa na mtoto njiani, na kwa kuwa haikuwa na haki ya kusimama popote, ilimzika usiku kwa siri katika ardhi ya mtu mwingine. Hayo yote aliyaandika katika kitabu kilichotolewa London mwaka 1916. Mara mbili, mwaka 1914 na 1919, alikwenda Uingereza pamoja na wajumbe wenzake kudai haki. Walisikilizwa kwa adabu, lakini sheria haikubadilishwa.

Kazi yake ya kuhifadhi historia haikuwa ndogo kuliko siasa, ingawa wengi huisahau. Alikusanya methali 732 za Kitswana, na masimulizi ya wazee kuhusu vita vya Warolong na Mzilikazi aliyatumia kuandika riwaya ya Mhudi. Aliikamilisha mnamo 1920, lakini ilimbidi asubiri miaka kumi hivi kabla haijachapishwa.

Mwezi Oktoba 1923, akiwa London, aliimba Nkosi Sikelel' iAfrika katika santuri, mara ya kwanza kwa wimbo huo kurekodiwa. Sauti yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika.

Alifariki tarehe 19 Juni 1932 karibu na Johannesburg, akazikwa Kimberley. Shajara aliyoiandika Mafeking ilipozingirwa na Makaburu mwaka 1899 hadi 1900 haikujulikana kwa watu wakati wa uhai wake. Ilichapishwa mwaka 1973.